Maswali ya Wasomaji kwa Daktari: Je, Roboti Inaweza Kuiokoa Figo ya Mtoto?

Toleo lililopita liligusia kwa aya mbili tu upasuaji wa figo za watoto unaofanywa kwa msaada wa roboti, na tangu hapo barua zimemiminika. Nyingi zimetoka kwa wazazi na walezi wenye mgonjwa nyumbani sasa hivi, watu wanaotakiwa kuamua jambo zito ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo safu nzima ya mwezi huu nimeitenga kwa suala hili. Majina ya walioandika yamehifadhiwa, na barua ndefu zimefupishwa bila kuharibu maana.

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Mwezi uliopita, nikiwa namwogesha, nilihisi kitu kigumu upande wa kulia wa tumbo lake. Hana homa, haumwi, anacheza na kula vizuri. Hospitali ya rufaa wametuambia ni uvimbe wa saratani kwenye figo ya kulia, kwamba ataanzishiwa dawa kwa wiki nne, halafu figo yote itaondolewa. Shemeji yangu amesoma kwamba ng'ambo roboti inatoa uvimbe peke yake na figo inabaki. Je, tusimamishe dawa kwanza, tutafute fedha za kumpeleka? Naogopa mwanangu kuishi na figo moja. *Mama, Tanga*

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa mtihani huu. Nianze na jambo ambalo haliwezi kusubiri: msisimamishe dawa. Zianze tarehe ileile mliyopangiwa, na mengine yote tuyazungumze mtoto akiwa tayari kwenye tiba.

Ulivyoeleza ndivyo ugonjwa huu unavyojitokeza kwa watoto walio wengi. Mtoto ni mchangamfu, hana malalamiko, na anayegundua ni mzazi mwenye mkono juu ya tumbo lake. Kwa umri wake, uvimbe huo kwa uwezekano mkubwa ni uvimbe wa Wilms, ulioitwa hivyo kwa jina la Max Wilms, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeuchambua kwa kina mwaka 1899. Hakuna saratani ya figo inayowapata watoto wengi kuliko hiyo, na wengi hugunduliwa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika nchi zenye huduma kamili, takriban watoto tisa katika kila kumi hupona. Kwetu Afrika Mashariki wanaopona ni wachache kuliko hao, na sababu zake tunazijua: watoto hufika hospitali wamechelewa, wengine hukatishwa dawa katikati kwa sababu ya nauli au kukata tamaa, na wengine huwa wamedhoofu kwa lishe duni kiasi cha kushindwa kuhimili tiba. Ukosefu wa roboti haumo katika orodha hiyo. Binti yako anakula vizuri na amefika mapema. Tafadhali msiipoteze faida hiyo.

Wiki nne za dawa zina kazi yake maalumu. Utaratibu wa chama cha kimataifa cha saratani za watoto, SIOP, unaofuatwa Ulaya na katika hospitali nyingi za Afrika, ni kutanguliza dawa: vinkristini kila wiki, na aktinomaisini D mara moja kila wiki mbili. Amerika ya Kaskazini wamezoea kuanza na upasuaji, nao wana matokeo mazuri, lakini kwa mazingira ambamo uvimbe mara nyingi huwa mkubwa unapogunduliwa, kutanguliza dawa kuna busara zaidi. Uvimbe huu kabla ya tiba ni kama embe lililoiva kupita kiasi, ngozi nyembamba na ndani laini, na ukipasuka wakati wa kuutoa, chembe za saratani humwagika tumboni. Mtoto ambaye uvimbe wake umepasuka huhesabiwa moja kwa moja kuwa katika hatua ya tatu ya ugonjwa, hata kama dakika moja kabla alikuwa katika hatua ya kwanza, na hapo huongezewa dawa kali zaidi pamoja na mionzi ya tumbo. Dawa zikitangulia, uvimbe husinyaa na kukazana, na hatari hiyo hupungua sana. Kwa sababu hiyohiyo nakusihi usiruhusu ndugu na majirani kulibonyezabonyeza tumbo la mtoto ili nao wahisi.

Niseme neno moja kuhusu vinkristini, kwa kuwa huko Tanga huenda umeshauriwa kuhusu mitishamba. Dawa hiyo ilitolewa kwenye mmea wenye asili ya Madagaska, ule wenye maua madogo ya waridi au meupe ambao watu wengi wa Pwani wanaupanda uani kama pambo. Huo ni ushahidi kwamba mimea ina nguvu, na kwa sababu ina nguvu, kuchemsha majani yake na kumnywesha mtoto ni kumpa sumu isiyo na kipimo. Kinachodungwa hospitalini ni kiasi kidogo mno, kinachokokotolewa kwa ukubwa wa mwili wa mtoto.

Sasa nije kwenye hofu yako ya figo moja. Mwaka 1869 mjini Heidelberg, Gustav Simon alimwondolea mwanamke figo nzima kwa mpango uliofikiriwa, baada ya kuwafanyia mbwa majaribio ili kuthibitisha kwamba figo moja yenye afya yatosha. Mwanamke yule alipona, na tangu siku hiyo tiba imejengwa juu ya ukweli huo. Kwa uvimbe wa Wilms tuna kipimo kilicho wazi zaidi: watafiti wa Marekani waliowafuatilia watoto kwa miaka 20 waliona kwamba, kwa wenye ugonjwa wa upande mmoja wasio na kasoro za kurithi zinazoambatana nao, waliofikia figo kushindwa kabisa walikuwa chini ya asilimia 1. Figo inayobaki hukua na kubeba kazi ya mwenzake. Daktari anaposema ataondoa figo yote, anachagua njia yenye uhakika zaidi wa kutoacha chembe nyuma, akijua kwamba gharama yake kwa mtoto huyu ni ndogo.

Ni kweli kwamba roboti imetumika kwa uvimbe wa Wilms. Hospitali ya watoto ya Necker, Paris, ilianzisha programu yake ya roboti kwa watoto mwaka 2016, na baadhi ya wagonjwa wake wamekuwa wenye uvimbe wa figo. Lakini hata huko watoto huchaguliwa kwa masharti magumu. Mwongozo wa SIOP wa mwaka huohuo wa 2016 unaruhusu upasuaji wa matundu madogo, ambao wa roboti ni aina yake, pale tu ambapo uvimbe ni mdogo na umezungukwa na nyama ya figo yenye afya, haujaingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, unaweza kutolewa mzima ndani ya mfuko bila kukatwakatwa, na matezi ya limfu ya jirani yanaweza kuchukuliwa kwa uchunguzi. Sharti hilo la matezi hupuuzwa na wanaotangaza teknolojia, ilhali bila matezi hayo hakuna anayeweza kusema kwa hakika ugonjwa umefika hatua gani. Baada ya wiki nne, kipimo cha CT kitaonyesha binti yako yuko wapi. Ikiwa uvimbe utabaki mkubwa, upasuaji wa wazi wenye mkato mrefu wa tumbo ndio utakaompa usalama, na mkato huo utapona.

SWALI: Habari daktari. Mpwa wangu wa miaka miwili ana uvimbe kwenye figo zote mbili. Tumeambiwa huenda akabaki bila figo. Je, kwake roboti si ndiyo jibu? *Mjomba, Kisumu*

JIBU: Ndugu yangu, mpwa wako ni miongoni mwa watoto ambao kwao kuhifadhi figo ni suala la maisha yao yote. Kati ya watoto wenye uvimbe wa Wilms, takriban 5 hadi 7 katika kila 100 huwa nao pande zote mbili. Figo ina vichujio vidogo mno viitwavyo nefroni, wastani wa milioni moja kwa kila figo, na vyote hutengenezwa mtoto akiwa tumboni mwa mama, hadi karibu wiki ya 36 ya ujauzito. Baada ya hapo mwili hautengenezi kingine. Kila kipande cha figo chenye afya kinachookolewa leo ni vichujio ambavyo haviwezi kurudishwa na dawa yoyote. Katika ufuatiliaji uleule wa miaka 20 nilioutaja, watoto wenye ugonjwa wa pande zote mbili waliofikia figo kushindwa walikuwa takriban asilimia 12, na kwa wenye kasoro za kurithi idadi ilikuwa kubwa zaidi sana.

Hata hivyo, chombo si jibu la kwanza. Jibu la kwanza ni ratiba. Dawa hutolewa kwa wiki sita, vipimo vya picha hurudiwa, na kama uvimbe unaendelea kusinyaa dawa huweza kuendelea, lakini upasuaji haupaswi kuvuka wiki ya 12. Zamani madaktari walikuwa wakisubiri miezi na miezi wakitumaini uvimbe utayeyuka, na kumbe aina fulani za uvimbe huu hazisinyai hata zinapokuwa zimekufa, na nyingine ni sugu na huendelea kukua wakati wa kusubiri. Utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 2017, ambao uliwabana madaktari wafuate ukomo huo wa wiki 12, ulionyesha kwamba takriban asilimia 95 ya watoto walikuwa hai baada ya miaka minne. Hata humo waliobakiwa na sehemu za figo zote mbili walikuwa chini ya nusu. Nakueleza hili ili mjiandae. Timu nzuri kabisa inaweza kuondoa figo moja yote na kuokoa sehemu ya nyingine, na hayo yakawa mafanikio.

Kuhusu roboti, hospitali ya St. Jude mjini Memphis, inayojulikana duniani kwa kuhifadhi figo za watoto wa aina hii, imeijenga sifa hiyo kwa upasuaji wa wazi. Pale uvimbe unapokuwa zaidi ya mmoja katika kila figo, daktari hutaka kuishika figo mkononi, kuipapasa, na pengine kuizungushia barafu ili istahimili kukosa damu. Mashine nyingi zinazotumika leo hazimpi daktari hisia ya mguso. Anaona vizuri mno, lakini hahisi. Kwa mpwa wako ningetafuta daktari bingwa wa upasuaji wa watoto aliyekwisha kufanya kazi hii kwa mikono yake mara nyingi, awe na mashine au asiwe nayo, na ningetaka daktari wa saratani, daktari wa figo na huyo wa upasuaji waketi meza moja kabla ya wiki ya sita kwisha. Mkiamua kwenda nje, ombeni miadi sasa hivi huku dawa zikiendelea, msisubiri zimalizike.

Uliuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama mnaweza kumpandikizia figo ya mama yake mara moja. Haiwezekani mara moja. Baada ya saratani hii hungojwa kwa kawaida mwaka mmoja hadi miwili bila dalili za ugonjwa kurudi, kwa sababu dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya hudhoofisha kinga inayopambana na saratani. Kipindi hicho chote mtoto asiye na figo hutegemea kusafishwa damu, na kwa mtoto wa miaka miwili hilo ni zoezi gumu hata katika hospitali zenye kila kitu. Ndiyo maana hata robo ya figo inayookolewa ina thamani kubwa.

SWALI: Daktari, mimi naishi Ohio, Marekani. Mwanangu wa miaka tisa amekuwa akipata maumivu ya ubavu wa kushoto na kutapika, yanakuja na kuondoka. Wamegundua njia ya mkojo imebanwa pale inapotokea kwenye figo, na figo imevimba kwa mkojo. Wanataka kumpasua kwa roboti. Mama mkwe wangu aliyeko Mombasa amekataa katakata mjukuu wake kupasuliwa na mashine. Nimwambie nini? *Mama wa Watoto Wawili*

JIBU: Dada, mwambie mama kwamba mashine hiyo haiwezi kusogea hata unywele mmoja bila mkono wa daktari. Inayotumika zaidi inaitwa da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000. Daktari huketi hatua chache kutoka kitandani, macho yake kwenye kioo kinachomwonyesha ndani ya tumbo kwa kina na kwa ukubwa uliokuzwa, na vidole vyake vikiwa katika vishikio viwili. Anapogeuza kifundo cha mkono, ncha ya kifaa iliyo ndani ya mtoto hugeuka vivyo hivyo, na mtetemo wa mkono huchujwa. Kando ya mtoto yupo daktari msaidizi na muuguzi muda wote, na mtaalamu wa usingizi hatoki kichwani pake. Mama mkwe ana haki ya kuuliza, na nadhani akielezwa hivi moyo utatulia.

Tatizo la mwanao si saratani, na hapa nakiri kwamba roboti inapata nafasi yake bora kabisa katika figo za watoto. Kazi yenyewe ni kukata kipande kilichobana na kuunganisha upya mrija na figo, kwa namna iliyoelezwa na Anderson na Hynes mwaka 1949 na ambayo haijabadilika sana tangu hapo. Kilichobadilika ni njia ya kufika. Kushona mrija mwembamba kwa uzi unaokaribia unywele, ndani ya tumbo, kwa vifaa virefu vilivyonyooka vya upasuaji wa kawaida wa matundu madogo, ni kazi ngumu inayowashinda madaktari wengi wenye uwezo. Vifaa vya roboti hujikunja kama kifundo cha mkono, na ushonaji huo huwa mwepesi. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi kwa shinikizo la chini kuliko la mtu mzima, matundu matatu au manne yenye upana wa milimita 8 au chini yake hutobolewa, na mrija laini wa plastiki huachwa ndani kulinda mshono kwa wiki kadhaa kabla ya kutolewa. Watoto wengi wa umri wake hurudi nyumbani siku inayofuata au ya pili yake. Mafanikio ya upasuaji huu yanazidi asilimia 90 kwa njia ya wazi na kwa roboti.

Uliza mambo mawili tu kabla ya kutia saini. La kwanza ni kazi ya figo hiyo kwa sasa, kwa kipimo cha nyuklia kinacholinganisha kushoto na kulia, ili baadaye mjue kama imeimarika. La pili ni daktari mwenyewe amewafanyia upasuaji huu watoto wangapi, na mara ngapi amelazimika kuacha roboti na kufungua. Daktari mzuri hujibu maswali hayo bila kukasirika.

Kwa wasomaji wenye watoto wachanga wenye tatizo hilihili, waliogunduliwa kwa ultrasaundi ya ujauzito, naomba wasijione wamekosa kitu. Tumbo la mtoto wa miezi mitano ni dogo, na kutenganisha mikono ya mashine humo ni kazi ngumu zaidi, na mkato mdogo wa ubavuni unaofanywa na daktari bingwa wa hapahapa kwetu humpa matokeo yaleyale. Wengi wao hata hawahitaji kupasuliwa. Hufuatiliwa tu kwa ultrasaundi, na uvimbe wa mkojo hupungua wenyewe wanavyokua.

SWALI: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya. Ningependa kufahamu kinachofanyika hasa daktari anapoondoa uvimbe na kuiacha figo, na kama huduma hiyo itafika kwetu. *Tabibu, Kigoma*

JIBU: Mwenzangu, chukua mfano wa kijana wa miaka 14 mwenye uvimbe mdogo usio wa saratani, wa mafuta na mishipa ya damu, kama wanaoupata watu wenye ugonjwa wa kurithi wa tubera sklerosisi. Akihitaji kupasuliwa, huyo ni mgonjwa anayefaa sana kwa roboti. Akishalazwa kwa ubavu, utumbo mpana husogezwa kando hadi figo na mshipa wake vionekane. Kifaa kidogo cha ultrasaundi huingizwa kwenye tundu na kuwekwa juu ya figo yenyewe, na daktari huchora kwa kuunguza kidogo mpaka wa uvimbe kwenye ngozi ya figo. Kisha ateri ya figo hubanwa kwa kibanio kidogo, na kuanzia sekunde hiyo mtu mmoja chumbani hutaja dakika kwa sauti. Figo yenye joto la mwili inayokosa damu huanza kuumia, na lengo ni kuiachia kabla ya dakika 25 hadi 30. Pengine hudungwa rangi ya indosayanini kwenye mshipa, na chini ya mwanga maalumu sehemu ya figo inayopata damu hung'aa kijani huku isiyopata ikibaki nyeusi, kiasi kwamba inawezekana kubana tawi moja tu la ateri na kuiacha figo iliyobaki ikiendelea na kazi. Uvimbe hukatwa, kitako chake hushonwa kwa tabaka, kibanio hufunguliwa, na wote hukaa kimya wakitazama kama mshono utavuja. Kinachotolewa huwekwa katika mfuko na kupitishwa kwenye mkato mdogo chini ya kitovu.

Roboti inasaidia hapo kwa kasi ya kushona, kwa sababu kila dakika inayookolewa ni nefroni zinazookolewa. Vilevile hutumika kwa mtoto aliyezaliwa na figo yenye mirija miwili, ambapo nusu ya juu imekufa na huondolewa bila kuigusa ya chini.

Kuhusu kufika kwetu, Afrika haiko nje kabisa ya jambo hili. Hospitali za umma za Tygerberg na Groote Schuur, Cape Town, zina roboti za upasuaji tangu miaka michache iliyopita, na mwaka 2023 kilifunguliwa Kigali kituo cha IRCAD Afrika kinachofundisha madaktari wa bara hili upasuaji wa matundu madogo. Lakini mashine moja huuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja, vifaa vyake vya ncha hutumika idadi maalumu ya mara kisha hutupwa, na matengenezo hulipiwa kila mwaka. Kwa maoni yangu, na nayasema bila kusitasita, fedha hizo zikipatikana leo kwa ajili ya figo za watoto wa Tanzania, ningezigawa kwanza kwa ultrasaundi katika vituo kama chako, kwa vinkristini isiyokatika ghalani, kwa wataalamu wa usingizi wa watoto na kwa nauli za wazazi. Mradi wa ushirikiano wa uvimbe wa Wilms barani Afrika, ulioziunganisha hospitali za nchi kama Malawi, Cameroon na Ghana, ulifuata takriban njia hiyo: mwongozo mmoja wa tiba unaolingana na uwezo uliopo, dawa kabla ya upasuaji, chakula, na msaada wa kifedha ili mzazi asikimbie tiba. Hapo ndipo upasuaji wa kuhifadhi figo unapoanzia, kwani uvimbe unaogunduliwa ukiwa na ukubwa wa ndimu ndio pekee unaoacha figo ya kuhifadhiwa.

Nawe una nafasi humo. Kila mtoto wa chini ya miaka mitano anayeletwa kwako kwa sababu yoyote, mlaze chali na umshike tumbo pande zote mbili kwa upole, mara moja tu. Tumbo kubwa lisihesabiwe minyoo au bandama ya malaria kabla ya kupimwa. Damu kwenye mkojo wa mtoto anayeishi kando ya ziwa isihesabiwe kichocho pekee, hasa asipopata nafuu kwa dawa. Pima shinikizo la damu kama una mkanda wa watoto, kwa kuwa uvimbe huu hulipandisha. Ukihisi kitu kigumu, andika rufaa siku hiyohiyo.

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Kijana wangu ana miaka 15. Aliondolewa figo ya kulia kwa saratani akiwa na miaka minne, akapona, alhamdulillahi. Sasa anapenda sana mpira. Nimkataze? *Baba, Unguja*

JIBU: Waalaykumu salaam baba, na hongera kwa kumfikisha hapo. Usimkataze. Kuumia figo katika mpira wa miguu ni jambo la nadra, nadra kuliko kuumia kichwa, ambacho nacho anacho kimoja. Mazoezi yatamlinda na unene na shinikizo la damu, ambavyo ndivyo maadui halisi wa figo yake. Michezo ya kupigana, kama ndondi, azungumze kwanza na daktari wake.

Mara moja kwa mwaka apimwe shinikizo la damu, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), na protini kwenye mkojo, hata kama anajisikia mzima kabisa, kwa sababu figo iliyoelemewa hailalamiki mapema. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo vijana wa mpira huzinunua dukani kila wanapotegua kifundo, asizitumie bila ushauri. Parasetamoli kwa kipimo chake itamtosha. Kama katika tiba yake alipewa doksorubisini, muulize daktari lini apimwe moyo, maana dawa hiyo inaweza kuuathiri miaka mingi baadaye. Na itafute ile ripoti ya upasuaji ya zamani, uitoe nakala, moja ibaki kwako na nyingine akae nayo yeye mwenyewe, ikiwa imeandikwa wazi juu yake kwamba figo aliyobaki nayo ni ya kushoto.